Vumbi la Zege Halisafishwi kwa Maziwa

Msikilizaji, leo nataka tuanze na maziwa.

Pita kwenye majengo yanayoendelea hapa Dar es Salaam, kuanzia Kariakoo yanakobomolewa maduka ya zamani na kuinuliwa maghorofa, hadi Goba na Kibada ambako kila mtu anajenga kwa kudunduliza. Fundi aliyetoka kukata zege kwa grenda, nyusi nyeupe na kope nyeupe, ataagiza pakiti ya maziwa. Akikosa fresh, atachukua mtindi. Wapo hata wasimamizi walioyafanya kuwa stahili: ukishinda kwenye vumbi, jioni unaongezewa hela ya maziwa. Uliza kwa nini, na jibu utakalopewa hapa ndilo utakalopewa Tanga, Mwanza, na Nairobi kwa watu wa mjengo: maziwa yanasafisha kifua, yanateremsha vumbi.

Mimi maziwa nayaheshimu. Kwa kijana aliyebeba ndoo za zege tangu asubuhi akiwa na chai ya rangi na chapati moja tumboni, ni chakula cha maana sana. Ila njia yake ni nyingine. Unachomeza kinakwenda tumboni, unachovuta kinakwenda kwenye mapafu, na njia hizo mbili zinaachana kooni. Mwili umeweka kifuniko pale makusudi visichanganyike. Kikichelewa kidogo tu unapaliwa mpaka machozi yanakutoka. Maziwa yakiingia kwenye mapafu hayasafishi kitu, yanakuletea ugonjwa mwingine. Kwa hiyo vumbi lililokwisha kufika chini kifuani linabaki huko huko, na maziwa yanashuka zake tumboni.

Wala siyo maziwa yanayonikera. Kinachonikera ni namna yanavyomaliza mazungumzo. Mwajiri akishatoa hela ya pakiti moja anajiona amelinda watu wake, na fundi akishakunywa anajiona amelindwa. Kesho grenda inawashwa tena, kavu vilevile.

Sasa vumbi lenyewe ni lipi? Wengi wetu tunaogopa saruji. Mfuko ukipasuliwa, mtu anageuza uso pembeni. Ni kweli, saruji inaunguza ngozi na kuwasha macho, na si kitu cha kukichezea. Lakini kwa mapafu, hatari kubwa zaidi inakuja baadaye, zege likishakauka, tofali likishapangwa, kigae kikishafika saiti, halafu mtu akaanza kukata, kutoboa, kuchonga na kusaga. Ndani ya zege kuna mchanga na kokoto, na ndani ya mchanga na kokoto kuna madini yanayoitwa silika. Mchanga ukikaa chini hauna neno, watoto wanauchezea. Ila diski ya grenda inayozunguka mara maelfu kwa dakika inausaga ule mchanga hadi chembe zake zinakuwa ndogo kiasi cha kupita puani, zipite kooni, zishuke mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Chembe za namna hiyo hazifiki maikromita 10, na zile zinazofika chini kabisa ni kama maikromita 4 au pungufu. Macho hayazioni. Lile wingu jeupe linaloonekana ni chembe kubwakubwa. Wingu likitua, hizi ndogo bado zinaelea, na zinaweza kuelea kwa saa nyingi. Ndiyo maana inaniumiza nikimwona fundi anashusha kitambaa chake shingoni na kuketi kula wali wa mama ntilie pale pale alipokuwa anakata, eti vumbi limeshatulia.

Mawe nayo hayalingani. Mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza inakadiria kwamba jiwe la mchanga lina silika asilimia 70 hadi 90, zege na mota asilimia 25 hadi 70, vigae asilimia 30 hadi 45, na mawe ya chokaa hayazidi asilimia 2. Hapo watu wa pwani wamebahatika kidogo, kwa maana mawe ya matumbawe yaliyojenga Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja ni jamii ya chokaa. Lakini siku hizi nani anajenga kwa matumbawe? Tunamwaga zege la kokoto ngumu za Lugoba, tunapanga tofali za saruji na mchanga, tunasakafia kwa vigae. Na huko Mwanza, mji uliokaa juu ya majabali ya matale, watu wanagonga mawe yenyewe kwa nyundo barabarani, mama na wanawe, kutwa nzima. Vumbi lao halina hata kelele ya mashine ya kuwaonya wapita njia.

Chembe ikishafika chini kwenye pafu, mwili haukai kimya. Kuna chembe hai za ulinzi ambazo kazi yake ni kumeza uchafu na vijidudu vinavyoingia humo. Zinaimeza silika, lakini haziwezi kuiyeyusha. Silika inaziua, inatoka, inamezwa na nyingine, nayo inakufa. Kila mzunguko unaacha kovu dogo. Makovu yanaongezeka, pafu linakuwa gumu, na pafu gumu halitanuki. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuondoa. Unaweza kuacha kazi leo ukahamia kuuza nguo, na bado makovu yakaendelea kukua, maana kilichoingia hakitoki.

Kwa kawaida huchukua miaka 10 na zaidi kujitokeza. Vumbi likiwa zito sana ugonjwa unaweza kumfika mtu ndani ya miaka michache, na kuna aina kali inayoua kabla hata ya miaka hiyo. Sasa fikiria fundi wa kwetu. Katika miaka 10 amefanya kazi kwenye saiti ngapi? Kwa wakandarasi wangapi? Wangapi kati yao waliandika jina lake mahali? Kifua kikianza kubana, hakuna jengo hata moja linaloweza kunyoshewa kidole. Akidondoka kutoka kwenye jukwaa la mbao, watu wanakimbia, polisi wanafika, gazeti linaandika. Akidondoshwa na vumbi miaka kumi na mitano baadaye, kijijini kwao watasema tu alikuwa na kifua.

Na kifua kwetu maana yake ni TB. Hapa ndipo mambo yanapochanganyika vibaya. Silika kwenye mapafu inampa TB mlango wa kuingia, kwa kuwa wale walinzi waliopaswa kuwameza vijidudu vya TB wamekwisha kuuawa. Kwa hiyo mtu mwenye silikosisi yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata TB ya kweli. Lakini pia wapo wenye silikosisi peke yake, makohozi hayaoneshi kijidudu chochote, na bado picha ya kifua inafanana na ya TB, basi wanaanzishiwa dawa za miezi sita. Wanamaliza dozi. Hawapati nafuu. Wanaambiwa labda hawakunywa vizuri. Zaidi ya hayo, silika inasababisha saratani ya mapafu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kwenye kundi la kwanza, kundi la visababishi vilivyothibitika, tangu 1997.

Nataka sasa nikupeleke Marekani, jimbo la West Virginia, mwaka 1930. Ilikuwa njaa ya mdororo mkuu wa uchumi, wanaume wanatafuta kibarua chochote. Kampuni ya Union Carbide ilitaka kutoboa handaki chini ya mlima, mahali panapoitwa Hawks Nest, ili maji ya mto yapite kwenda kuzalisha umeme. Urefu kama kilomita 5. Wakaja watu karibu 5,000, wengi wao weusi kutoka majimbo ya kusini. Wakatoboa mwamba na kukuta sehemu ambazo ni silika tupu, karibu yote. Waliusimamisha mradi? Hapana. Walilipanua handaki ili wachimbe silika zaidi, maana ilihitajika kwenye kiwanda chao cha kuyeyusha madini. Nisikilize vizuri hapo: walijua ni jiwe gani, na walijua thamani yake kwa kilo.

Mashine za kutoboa kwa maji zilikuwepo tangu mwishoni mwa karne ya 19. Chuma cha kutobolea kinakuwa na tundu katikati, maji yanapita humo, na vumbi linatoka likiwa tope. Lakini utoboaji mkavu ni wa haraka zaidi, basi handaki lilitobolewa kavu. Wahandisi wakija kukagua walivaa barakoa. Wachimbaji hawakupewa. Watu walianza kufa ndani ya miezi. Vifo vilivyokubaliwa rasmi viliishia 109, ingawa uchunguzi wa Bunge la Marekani mwaka 1936 ulitaja 476. Miaka hamsini baadaye daktari Martin Cherniack aliipitia habari hiyo upya kitaalamu na kukadiria vifo 764. Wengi walikuwa wamekwisha kurudi makwao, wakafia huko, na wakaandikiwa maradhi mengine.

Unaweza kuniambia hayo ni ya Wamarekani na ya zamani. Basi waulize wazee wa Rungwe na Mbeya. Enzi za ukoloni shirika la WENELA lilikuwa likichukua vijana wa kusini mwa Tanganyika kwenda Joni, yaani migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, kule ambako silikosisi ilijulikana kiasi kwamba mkutano mkubwa wa kimataifa kuhusu ugonjwa huo ulifanyika Johannesburg mwaka huo huo wa 1930. Baada ya uhuru serikali yetu ikakomesha uandikishaji ule. Mwaka 2018 kampuni za dhahabu zilikubaliana kulipa fidia ya rand zisizopungua bilioni 5 kwa wachimbaji wenye silikosisi na TB, na mahakama ikaidhinisha mwaka uliofuata. Lakini makubaliano yanaanza kuhesabu kazi ya tangu Machi 1965. Babu aliyerudi Tukuyu mwaka 1960 akiwa na sanduku la bati na kikohozi, hayumo.

Turudi kwenye saiti zetu, maana huko ndiko tunakoweza kufanya jambo.

Nikianzisha mazungumzo haya na wakandarasi, wote wananijibu neno moja: barakoa. Tumewanunulia barakoa, hawataki kuvaa. Nami nasema barakoa ni ulinzi wa mwisho, na sisi tumeufanya wa kwanza na wa pekee. Kile kitambaa cha bluu cha hospitali hakizibi chembe hizi; hewa inapita pembeni. Barakoa inayofaa ni ile nzito ya daraja la FFP2 na kuendelea, inayobana uso pande zote, na hata hiyo ukiwa na ndevu haibani. Halafu hebu ivae wewe Februari, jua la Dar, joto limevuka nyuzi 32, huku umebeba mashine. Utaivuta chini baada ya nusu saa, na sitakulaumu. Ulinzi unaotegemea mtu mmoja kuvumilia mateso kutwa nzima haujapangwa, umetupwa kwake.

Angalia Wamarekani walivyoliweka jambo hili baada ya kuchelewa sana. Kanuni yao ya 2016, iliyoanza kusimamiwa kwenye ujenzi mwaka 2017, inasema hewa anayovuta mfanyakazi isizidi maikrogramu 50 za silika kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 8. Ukipiga hesabu ya hewa anayoivuta mtu wa kazi nzito kwa siku, inakuja kama nusu miligramu. Hizo ni punje chache za chumvi. Punje chache kwa siku nzima! Msumeno wa kukatia zege, ukiutumia mkavu, unapita kiwango hicho mara nyingi mno. Lakini kilichonivutia siyo kipimo, maana nani ana kifaa cha kupimia hewa kule Chanika? Kilichonivutia ni jedwali walilolichapisha pamoja na kanuni, lenye kazi 18 za ujenzi. Kazi fulani, mashine fulani, fanya hivi. Na pale kwenye msumeno wa mkononi, jedwali linasema: kama mashine yako inamwaga maji kwenye diski, uko nje, na hukati zaidi ya saa 4 kwa siku, huhitaji hata barakoa.

Umesikia? Maji. Maji yakiwekwa pale diski inapoligusa jiwe, vumbi linakuwa tope kabla halijaruka. Waingereza wanasema nusu lita kwa dakika inatosha kwa msumeno wa kukatia. Hakuhitajiki bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, lenye presha. Kuna matangi madogo ya kupampu kwa mkono yanayounganishwa na mashine kwa mpira. Msumeno wa petroli mara nyingi unakuja na sehemu ya kuchomeka mpira huo, na nimeona mingi mjini ambayo sehemu hiyo imevunjika au haijawahi kuguswa.

Hapo niweke onyo, kwa sababu najua kuna mtu anasikiliza akiwa na grenda ya umeme pembeni yake. Usiimwagie maji grenda ya kawaida ya umeme. Utanusurika vumbi ufe kwa shoti. Kama kazi ni vigae, ipo mashine yenye beseni la maji chini, imetengenezwa kwa kazi hiyo. Ipo pia ile ya mkono, unakwaruza mstari kisha unabonyeza, kigae kinaachana vipande viwili, vumbi karibu hamna, umeme hamna, na bei yake fundi wa kawaida anaimudu. Kwa kona na matundu utahitaji grenda, sawa. Toka nje nayo, simama upande upepo unakotoka, na saidia fundi asikae mbele yako akishika kigae kwa mikono.

Ila kazi inayozalisha vumbi baya kuliko zote kwenye nyumba zetu, kwa maoni yangu, ni ile ya kuchana ukuta kwa ajili ya bomba za umeme. Inafanyika ndani, madirisha yamezibwa kwa mabati wezi wasiingie, fundi umeme na grenda yake wanapanda na kushuka ukutani, na baada ya dakika tano hamuonani. Sasa jiulize kwa nini ukuta unachanwa. Unachanwa kwa sababu fundi umeme aliitwa mwisho. Mwenye nyumba alijenga, akapaua, akapumzika miaka miwili kutafuta hela, kisha ndipo akakumbuka taa. Kama michoro ya umeme ingekuwepo tangu msingi, bomba zingelazwa kwenye slabu kabla ya kumwaga zege na kupitishwa ukutani wakati tofali zinapangwa. Vumbi hilo lisingezaliwa. Hela ya diski ingebaki mfukoni. Wahandisi wanalijua hili tangu chuoni. Kwenye nyumba zetu za kudunduliza, mhandisi mwenyewe hayupo.

Yapo mengine madogomadogo. Msifagie saiti kavu. Nyunyizeni maji kwanza. Msijipulize nguo kwa kompresa, maana mnalirudisha vumbi hewani na kulivuta kwa mara ya pili. Nguo za kazi zisiende nyumbani kukung'utwa na mama watoto uani.

Na sheria? Ipo. Tanzania Bara tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, namba 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali, OSHA. Inataka mahali pa kazi pasajiliwe na wafanyakazi wapimwe afya zao, si mara moja tu. Tunao pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi 2015, ambao magonjwa yatokanayo na kazi yanaingia humo. Majirani zetu Kenya walitunga sheria zao mbili za namna hiyo mwaka 2007. Ugumu ni kwamba sheria hizi zinamwona mwajiriwa, na kwenye ujenzi wengi ni vibarua wanaolipwa jioni kwa mkono. Kampuni kubwa yenye uzio na kofia za njano inakaguliwa. Ghorofa moja la mtu binafsi mtaani, hakuna anayegonga geti.

Kwa hiyo ningependa tuanzie mahali penye hela. Serikali na halmashauri zinapotangaza zabuni ya shule, zahanati au barabara, kuna orodha ya kazi na bei zake, mstari kwa mstari, hadi misumari. Wekeni humo mstari wa kudhibiti vumbi: mashine za maji, vifyonza vumbi, tangi, upimaji wa vifua. Ukishakuwa na bei yake, mkandarasi mwema hatashindwa zabuni na yule anayekata kavu, kwa sababu wote watakuwa wameuwekea hesabu. Leo hii anayewajali watu wake ndiye anayeonekana ghali. Mkaguzi naye atakuwa na kitu cha kuuliza: mlilipwa ya maji, maji yako wapi?

Nimalizie na mafundi wenyewe, hasa wa umri wa miaka arobaini kwenda juu, ambao mmeanza kupumzika katikati ya ngazi mliyokuwa mkiipanda mbio. Mwaka 1700 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika kitabu kizima kuhusu magonjwa ya kazi, yakiwemo ya wachonga mawe na vumbi lao, na akawataka madaktari wenzake waongeze swali moja kwa kila mgonjwa: unafanya kazi gani? Kwenye foleni zetu za hospitali, daktari ana dakika chache na swali hilo mara nyingi halifikiwi. Usilisubiri. Ukikaa tu mwambie: nimekata zege na vigae, au nimegonga kokoto, kuanzia mwaka fulani hadi mwaka fulani, sehemu fulani na fulani. Akikupima TB, pima. Akikuta hamna, muulize kuhusu silika. Na mwombe hayo uliyomwambia ayaandike kwenye faili, kwa jina la kazi na miaka yake, kisha ubaki na nakala nyumbani, kwa sababu siku ya kudai fidia utaulizwa ushahidi.